Sura ya Tovuti na Suala la Ridhaa katika Miradi ya Programu Huria: Kutoka Debian hadi Wikipedia ya Kiswahili, 1998–2023

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya kubadilishwa kwa sura za tovuti za miradi ya programu huria kati ya mwaka 1998 na mwaka 2023. Miradi mitatu imeteuliwa kwa ajili ya ulinganishi: Debian, Python, na MediaWiki ambayo ndiyo programu inayoendesha Wikipedia. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: katika mradi ambao msimbo wake ni mali ya wote, nani mwenye mamlaka ya kuamua mgeni aone nini anapofungua ukurasa wa mbele? Insha inajenga hoja kwamba leseni huria hutoa uhuru juu ya msimbo, lakini haitoi mamlaka juu ya sura ya chaguo-msingi. Mamlaka hayo hukaa kwa anayemiliki seva na anayelipia kazi ya usanifu. Kura ya wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili iliyoripotiwa Januari 2023 inatumika kama kielelezo cha pengo kati ya mambo hayo mawili.

1.0 Utangulizi

Historia ya programu huria imeandikwa zaidi kama historia ya msimbo na leseni. Imeelezwa kwa kirefu jinsi Richard Stallman alivyotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, jinsi Linus Torvalds alivyotoa kiini cha Linux mwaka 1991, na jinsi istilahi ya chanzo huria ilivyobuniwa mwanzoni mwa mwaka 1998 kwa nia, pamoja na mambo mengine, ya kuwavuta wafanyabiashara. Eric Raymond, katika insha yake ya mwaka 1997 iitwayo The Cathedral and the Bazaar, alilinganisha namna mbili za kuunda programu: namna ya kanisa kuu linalojengwa na mafundi wachache faraghani, na namna ya soko ambamo kila mtu huingia na bidhaa yake. Katika masimulizi hayo tovuti ya mradi hutajwa kwa kupita tu, kana kwamba ni ubao wa matangazo uliotundikwa mlangoni.

Mtazamo huo unaacha kando jambo lenye uzito. Msimbo wa programu husomwa na wachache wenye ujuzi, ilhali tovuti husomwa na kila anayehitaji kupakua, kujifunza, kuuliza au kuchangia. Kubadilisha sura ya tovuti, kwa hiyo, ni tendo linalowagusa watu wengi zaidi kuliko marekebisho mengi ya msimbo. Ni tendo pia ambalo kila mtu huona ana haki ya kulisemea, kwa kuwa halihitaji utaalamu wa kuandika programu ili mtu atambue kwamba kitu alichokizoea kimehamishwa.

Katika insha hii, neno sura linatumika kwa maana ya mpangilio wa ukurasa, rangi, maumbo ya herufi, menyu na mahali pa viungo. Chaguo-msingi ni sura anayokutana nayo msomaji ambaye hajabadilisha mpangilio wowote. Ulinganishi wa miradi mitatu umejikita katika vigezo vitatu: nani alifanya kazi ya usanifu, nani alishauriwa kabla ya mabadiliko, na ni nini kilichobakizwa kwa ajili ya wale ambao hawakuyataka.

2.0 Usuli: kutenganishwa kwa maandishi na sura

Mtandao wa tovuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN nchini Uswisi. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba teknolojia hiyo ingetumika na yeyote bila malipo. Kurasa za miaka ile zilikuwa na maandishi, vichwa vya habari na viungo, na mapambo yalikuwa machache. Ukurasa ulipohitaji safu mbili au tatu, waandishi walitumia majedwali, na rangi na ukubwa wa herufi viliandikwa ndani ya maandishi yenyewe. Matokeo yake ni kwamba kubadilisha sura ya tovuti yenye kurasa elfu moja kulimaanisha kugusa kurasa elfu moja.

Mnamo Desemba 1996 shirika la viwango la W3C lilipitisha toleo la kwanza la lugha ya CSS, ambayo iliruhusu maelezo ya sura kuwekwa katika faili la peke yake. Tangu hapo maandishi yangeweza kubaki kama yalivyo huku sura ikibadilika kwa pigo moja. Hatua hii ya kiufundi ilikuwa na athari ya kisiasa ambayo haikusemwa wazi wakati ule. Ilipokuwa lazima kurasa zote ziguswe, mabadiliko yalihitaji mikono mingi, na mikono mingi huja na maoni mengi. Sura ilipowekwa katika faili moja, aliyelishika faili hilo alipata uwezo wa kubadilisha kazi ya watu wote kwa siku moja.

Kwa miradi ya programu huria, utengano huu ulikuja wakati mwafaka. Miradi mingi ilikuwa na wafasiri wa kujitolea katika nchi mbalimbali, na tovuti zao zilikuwa zimeanza kusomwa katika lugha nyingi. Hapo ndipo mfano wa Debian unapoingia.

3.0 Debian: mabadiliko ya watu wa kujitolea

Debian ilianzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani. Tofauti na mifumo mingine mingi ya Linux, Debian haikuwa na kampuni nyuma yake. Mwaka 1997 wanachama walipitisha Mkataba wa Kijamii, na mwaka 1998 wakapitisha Katiba inayoeleza nani anaamua nini. Kimsingi, anayefanya kazi ndiye anayeamua juu ya kazi yake, na wanachama kwa pamoja wanaweza kutengua uamuzi kwa kura.

Tovuti ya mradi ilijengwa kwa zana iitwayo WML. Kurasa za asili ziliandikwa kwa Kiingereza, na kila tafsiri ilibeba ndani yake alama inayoonyesha ni toleo gani la ukurasa wa asili lililotafsiriwa. Ukurasa wa asili ulipobadilika, mfasiri aliweza kutambua kwamba tafsiri yake imepitwa na wakati. Seva nayo ilimpelekea msomaji lugha iliyowekwa katika kivinjari chake, bila kumtaka achague. Ulikuwa mfumo usio na mbwembwe, uliotunzwa na watu wasiolipwa.

Mfumo huo unaeleza kwa kiasi fulani kwa nini sura ya tovuti ilidumu karibu bila kubadilika kwa takribani miaka 13. Wachangiaji hawakukosa kuona kwamba imechakaa. Hata hivyo, katika mradi unaoendeshwa kwa hiari, kazi ambayo haina mtu wa kuibeba hubaki palepale, na kazi ya sura huhitaji mtu mwenye ujuzi wa usanifu, ujuzi ambao haukuwa mwingi miongoni mwa waandishi wa programu. Sura mpya ilizinduliwa tarehe 6 Februari 2011, siku ileile ilipotolewa Debian 6.0, kwa kufuata usanifu wa Kalle Söderman. Mabadiliko yaligusa tovuti kuu na baadhi ya tovuti tanzu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mabadiliko ya mwaka 2011 yalifanyika juu ya maandishi yaliyokwisha kuwapo. Kwa kuwa kiunzi cha ukurasa kilikuwa mbali na maandishi, tafsiri zilizokwisha kufanywa ziliendelea kusomeka ndani ya vazi jipya. Mfasiri wa Kijapani au wa Kireno hakulazimika kuanza upya. Mwaka 2020, mwezi Desemba, ukurasa wa kwanza ulibadilishwa tena, safari hii pamoja na maandishi yake. Mabadiliko ya aina hii ya pili huwagusa wafasiri moja kwa moja, kwa sababu neno jipya linapoongezwa katika ukurasa wa asili, kila lugha hudaiwa neno lake.

Kwa vigezo vitatu vya insha hii, Debian inaonyesha hali ifuatayo. Kazi ilifanywa na watu wa kujitolea. Walioshauriwa walikuwa wachangiaji wenyewe, ndani ya utaratibu wa Katiba yao. Kilichobakizwa kilikuwa ni yaliyomo yote na tafsiri zake. Gharama ya utaratibu huu ilikuwa muda: miaka 13 ya sura ambayo mgeni angeweza kuidhania ni ya mradi uliokufa.

4.0 Python: mabadiliko ya kazi ya kulipwa

Lugha ya programu ya Python ilitolewa kwa mara ya kwanza Februari 1991 na Guido van Rossum, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya CWI mjini Amsterdam. Mwaka 2001 iliundwa Python Software Foundation, taasisi isiyo ya kibiashara iliyopewa jukumu la kushika haki za lugha hiyo na kukusanya fedha kwa ajili ya jamii yake. Kuwapo kwa taasisi yenye fedha kulibadilisha swali. Mradi haukulazimika tena kumsubiri mtu mwenye moyo wa kujitolea. Uliweza kutangaza zabuni.

Ndivyo ilivyofanyika. Taasisi iliomba mapendekezo, ikatoa kazi kwa kampuni zilizobobea, na tovuti mpya ikazinduliwa mwaka 2014. Tovuti hiyo ilijengwa kwa kutumia Django, programu huria iliyoandikwa kwa Python yenyewe, hivyo mlango wa nyumba ulichongwa kwa mbao za msitu uleule. Msimbo wake uliwekwa wazi ili wachangiaji waendelee kuutunza baada ya wakandarasi kuondoka.

Mfano wa Python unaonyesha faida na mpaka wa kazi ya kulipwa. Faida yake ni kwamba kazi ina mwanzo na mwisho, na kuna mtu wa kuwajibishwa. Mpaka wake ni kwamba anayelipa ndiye anayeandika hadidu za rejea, na anayeandika hadidu za rejea huwa ameamua mengi kabla ya mchangiaji wa kawaida kuuona mchoro wa kwanza. Katika Python jambo hili halikuleta mgawanyiko mkubwa, kwa kuwa tovuti ilikuwa lango la mradi tu, na kazi yenyewe ya wachangiaji ilifanyika kwingine. Kwa Wikipedia, kama sehemu inayofuata inavyoonyesha, lango na karakana ni kitu kimoja.

5.0 MediaWiki na Wikipedia

5.1 Kutoka UseModWiki hadi Vector

Wikipedia ilifunguliwa tarehe 15 Januari 2001 ikiendeshwa na UseModWiki, programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya Perl. Mwanzoni mwa mwaka 2002 ilihamia katika programu iliyoandikwa na Magnus Manske kwa lugha ya PHP, na katikati ya mwaka huohuo Lee Daniel Crocker akaiandika upya. Programu hiyo ilipewa jina la MediaWiki mwaka 2003, mwaka ambao pia iliundwa Wikimedia Foundation. Leseni yake ni GPL, yaani yeyote anaweza kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza.

Tangu zamani MediaWiki ilitenganisha maandishi na sura. Mtumiaji aliyejiandikisha aliweza kuchagua sura mojawapo kati ya kadhaa. Mwaka 2004, toleo la 1.3 lilileta sura ya Monobook iliyosanifiwa na Gabriel Wicke, nayo ikawa chaguo-msingi kwa takribani miaka sita.

Mwezi Desemba 2008 taasisi ya Stanton Foundation iliipa Wikimedia Foundation dola za Marekani 890,000 ili kurahisisha matumizi ya Wikipedia kwa wahariri wapya. Watafiti waliwaangalia watu mjini San Francisco wakijaribu kuhariri kwa mara ya kwanza, wakaandika mahali walipokwama. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa sura ya Vector, iliyowekwa kuwa chaguo-msingi katika Wikipedia ya Kiingereza Mei 2010 na baadaye katika lugha nyingine. Malalamiko yalikuwapo, lakini sura ya Monobook haikufutwa. Aliyeipenda aliendelea kuichagua.

5.2 Mivutano ya miaka 2013–2015

Miaka michache baadaye uhusiano kati ya shirika na wahariri uliingia doa. Julai 2013 kihariri kipya cha kuonyesha ukurasa kama utakavyosomwa kiliwekwa kuwa chaguo-msingi katika Wikipedia ya Kiingereza. Kutokana na kasoro zake, ilipofika Septemba wahariri walikuwa wamekwisha kukirudisha katika hali ya hiari. Mwaka uliofuata shirika lilileta zana mpya ya kuonyesha picha. Wahariri wa Wikipedia ya Kijerumani waliamua kuizima kwa kubadilisha faili la msimbo lililokuwa ndani ya uwezo wa wakabidhi wao. Agosti 2014 shirika lilijibu kwa kuunda ngazi mpya ya ulinzi iliyowazuia hata wakabidhi kuligusa faili hilo.

Hatua hiyo ilipingwa vikali na mamia ya wahariri walitia saini barua ya kutaka iondolewe. Iliondolewa Novemba 2015. Tukio hili lina umuhimu wa pekee katika historia inayochunguzwa hapa, kwa sababu lilionyesha waziwazi kitu ambacho leseni haikisemi. Wahariri wa Kijerumani walikuwa na haki kamili ya kunakili MediaWiki yote na kuitumia popote. Hawakuwa na haki ya kuamua namna seva za shirika zingeonyesha picha katika kurasa walizoziandika wao wenyewe.

5.3 Vector 2022

Mwaka 2019 shirika lilianza mradi wa kuboresha mwonekano wa Wikipedia katika kompyuta. Safari hii utaratibu ulikuwa tofauti. Badala ya kuzindua kila kitu kwa siku moja, vipengele vilitolewa kimoja kimoja na kujaribiwa kwanza katika wiki zilizokubali kuwa za majaribio, zikiwamo Wikipedia za Kifaransa, Kiebrania, Kibaski na Kiajemi. Menyu ya pembeni iliweza kufungwa. Kisanduku cha kutafutia kilisogezwa na kuanza kuonyesha picha. Upana wa maandishi uliwekewa kikomo ili mistari isiwe mirefu mno. Orodha ya yaliyomo ilihamishiwa pembeni, na orodha ya lugha nyingine ikawekwa ndani ya kitufe kilicho juu ya makala.

Sura hiyo, iitwayo Vector 2022, ikawa chaguo-msingi katika Wikipedia ya Kiingereza tarehe 18 Januari 2023. Upinzani ulizuka upya, hasa juu ya upana wa maandishi na nafasi nyeupe zilizobaki pembeni. Katika majadiliano yaliyofuata, wengi wa waliotoa maoni walitaka sura ya zamani irudishwe, lakini waliofunga mjadala walihitimisha kwamba mwafaka haukufikiwa, na sura mpya ikabaki. Jambo moja la kihistoria halipaswi kupita bila kutajwa: sura iliyotetewa mwaka 2023 kama ya asili ilikuwa ni Vector ileile iliyolaumiwa mwaka 2010 kwa kuiondoa Monobook. Mazoea, kwa hiyo, ni sehemu ya upinzani, ingawa si sehemu yake yote.

6.0 Wikipedia ya Kiswahili

Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003. Kwa miaka ya mwanzo ilikua kwa jitihada za watu wachache. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google iliendesha shindano la kuandika makala lililowahusisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya. Miezi michache kabla ya hapo, Juni 2009, ukurasa wa mwanzo ulikuwa umepewa sura mpya na wahariri wenyewe. Mabadiliko hayo ya mwaka 2009 yanastahili kukumbukwa katika mjadala huu, kwani yanaonyesha kwamba jamii ndogo haikuwa na uadui na sura mpya kwa sababu tu ni mpya. Iliibadilisha nyumba yake yenyewe, kwa wakati iliouchagua.

Aidha, sura ya Wikipedia ya Kiswahili haikuwa ya usanifu tu bali pia ya maneno. Maneno ya menyu na vitufe vya MediaWiki hutafsiriwa na watu wa kujitolea kupitia translatewiki.net, jukwaa lililoanzishwa na Niklas Laxström wa Ufini. Maneno kama Hariri, Majadiliano, Yaliyomo na Ukurasa wa bahati yaliwekwa mahali pake na wafasiri waliopaswa kufikiri juu ya nafasi ya kila neno katika menyu. Sura inapobadilika, vitufe vipya huja na maneno mapya, na mpaka mtu apatikane wa kuyatafsiri, Kiingereza huonekana katikati ya ukurasa wa Kiswahili. Deni la wafasiri lililoonekana katika mfano wa Debian linajitokeza hapa pia, lakini likiwa mabegani mwa watu wachache zaidi.

Januari 2023 iliripotiwa kwamba wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili walipiga kura kwa kauli moja kutaka kurudishwa kwa sura ya awali. Habari hiyo ilitajwa hata na waandishi wa nje walioandika juu ya mgogoro wa Wikipedia ya Kiingereza, kwa kuwa jamii ndogo ilikuwa imesema kwa sauti moja jambo ambalo jamii kubwa ilishindwa kuafikiana.

Muundo wa sura yenyewe unaonyesha kwa nini athari zake hazikulingana katika lugha zote. Kwanza, Vector 2022 ilisanifiwa kwa kuzingatia makala ndefu. Orodha ya yaliyomo iliyo pembeni humsaidia msomaji wa makala yenye sehemu 20. Makala fupi, ambazo ni nyingi katika Wikipedia ya Kiswahili kama ilivyo katika lugha nyingi zenye wahariri wachache, huwa na vichwa viwili au visiwe navyo kabisa. Hapo safu ya pembeni hubaki tupu, na kikomo cha upana huongeza utupu huo. Usanifu unaoipa nafasi makala ndefu huifanya makala fupi ionekane pungufu zaidi kuliko ilivyo.

Pili, msomaji wa Kiswahili kwa kawaida ana lugha zaidi ya moja. Husoma makala ya Kiswahili, kisha huvuka kwenda ya Kiingereza kutafuta maelezo zaidi, au hufanya kinyume chake. Katika sura ya zamani majina ya lugha yaliorodheshwa pembeni, ingawa katika wiki nyingi orodha hiyo ilikuwa imekwisha kufupishwa. Katika sura mpya orodha iko nyuma ya kitufe. Kitufe kiko juu na ni rahisi kukifikia, jambo ambalo watetezi wa sura mpya walilisisitiza. Lakini kitufe huonyesha idadi ya lugha, hakionyeshi majina yake. Mwanafunzi wa Dodoma au Mombasa anayesoma makala ya Kiingereza haoni tena neno Kiswahili mpaka aamue kulitafuta. Kwa lugha ambayo wasemaji wake wengi hawajui kwamba ina ensaiklopidia yake mtandaoni, neno hilo moja lililokuwa likionekana pembeni lilifanya kazi ya tangazo.

7.0 Mjadala

Je, kura ya kauli moja inatosha kuitwa ridhaa ya jamii? Hoja ya upande wa shirika ina uzito na haipaswi kupuuzwa. Wanaopiga kura katika wiki ni wahariri, na wahariri ni sehemu ndogo sana ya wasomaji. Mtu ambaye hajawahi kuhariri kwa sababu sura ya zamani ilimchanganya hayupo kwenye kura. Zaidi ya hayo, wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hufungua Wikipedia kwa simu, na sura ya simu, iitwayo Minerva, ni ya peke yake. Kura ya mwaka 2023 ilihusu sura ya kompyuta, ambayo ni karakana ya wahariri zaidi ya kuwa ukumbi wa wasomaji.

Hata hivyo, hoja hiyo ina ncha mbili. Ikiwa sura ya kompyuta ni karakana ya wahariri, basi fundi ana neno la kusema juu ya mpangilio wa karakana yake. Na ikiwa wasomaji kimya ndio wanaopaswa kusikilizwa, ni lazima wasikilizwe wa kila lugha. Utafiti uliofanywa kwa wasomaji wa lugha zenye makala ndefu hauwezi kumsemea msomaji wa lugha yenye makala fupi.

Jibu la kawaida katika utamaduni wa programu huria ni kwamba asiyeridhika anaweza kuondoka na nakala ya msimbo. Historia ya Wikipedia ina mfano wake. Februari 2002 baadhi ya wachangiaji wa Kihispania, wakihofia kwamba matangazo ya biashara yangewekwa katika kurasa, waliondoka na kuanzisha Enciclopedia Libre iliyohifadhiwa na Chuo Kikuu cha Seville. Walikuwa na idadi ya kutosha na chuo kikuu cha kuwapokea. Jamii ndogo haina ngazi hiyo ya kuteremkia. Kuondoka kunahitaji seva, jina jipya la tovuti na miaka ya kuanza kujulikana upya na injini za kutafutia. Uhuru wa kuondoka upo katika leseni kwa maneno yaleyale kwa wote, lakini gharama yake si sawa kwa wote. Kadiri jamii inavyokuwa ndogo, ndivyo inavyolazimika zaidi kutegemea kusikilizwa mahali ilipo.

Kwa kulinganisha miradi mitatu, kigezo cha tatu, yaani kile kilichobakizwa, kinajitokeza kuwa na uzito kuliko kinavyopewa kwa kawaida. Debian ilibakiza yaliyomo na tafsiri. Python ilibakiza msimbo wazi mikononi mwa wachangiaji. Wikipedia ilibakiza sura za zamani kwa watumiaji waliojiandikisha, na mwaka 2023 ikaongeza kitufe cha kurudisha upana. Msomaji asiyejiandikisha hakupewa chaguo la sura. Mgawanyo huo ndio unaofanya chaguo-msingi liwe jambo la kisiasa: mhariri mwenye akaunti alipoteza dakika chache za kubadilisha mpangilio wake, ilhali alichokuwa akikipigia kura hasa ni kile ambacho msomaji asiye na akaunti angekiona.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba tangu sura ilipotenganishwa na maandishi, kubadilisha sura ya tovuti ya mradi huria kumekuwa rahisi kiufundi na kugumu kijamii. Debian ililipa kwa muda, Python ililipa kwa fedha, na Wikipedia ililipa kwa uaminifu kati ya shirika na wahariri, uaminifu ambao ulijengwa upya kwa sehemu kupitia majaribio ya hatua kwa hatua kuanzia mwaka 2019. Kura ya Wikipedia ya Kiswahili haithibitishi kwamba sura mpya ilikuwa mbaya. Inathibitisha kwamba utaratibu wa ushauri ulioziridhisha wiki za majaribio haukuwa umeifikia kila jamii kwa kina kilekile.

Mambo matatu yanafuata kutokana na ulinganishi huu. Mabadiliko ya sura yanayokuja na maneno mapya yatangulizwe kwa wafasiri kabla ya kuwafikia wasomaji, ili lugha ndogo zisivae vazi lililoshonwa nusu. Majaribio yahusishe angalau jamii moja yenye makala nyingi fupi, kwa kuwa huko ndiko kasoro za nafasi tupu huonekana mapema. Tatu, jamii iliyopiga kura ya wazi ipewe jibu la wazi katika lugha yake, likieleza ni ombi gani limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani. Hatua hizi hazihitaji kubadilisha leseni yoyote. Zinahitaji kutambua kwamba mamlaka juu ya chaguo-msingi ni mamlaka kamili, na kwamba aliye nayo anapaswa kuyatolea maelezo kama anavyoyatolea maelezo matumizi ya fedha za wafadhili.